Kinachokumbuka ni Kilichokauka

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la mambo ya ajabu una sentensi moja iliyokatwa kwa kalamu nyekundu: kila baada ya miaka 7, mwili wote wa binadamu huwa mpya. Niliiandika kwa furaha ya mtu aliyeokota shilingi njiani, na baadaye nikagundua kuwa shilingi yenyewe ni bandia. Niliikata lakini sikuuchana ukurasa, kwa sababu kosa lililomo ndani yake limenifundisha kuliko mambo mengi ya kweli yaliyoandikwa chini yake.

Daftari hilo nililigawa mafungu matatu: mambo ya mwili, mambo ya maumbile, na mambo ya vyombo ambavyo watu wa zamani walivitumia kuweka kumbukumbu. Kwa miaka kadhaa mafungu hayo yaliishi kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Seli za damu zilikuwa huku, matumbawe kule, vigae vya udongo na kaseti mwisho kabisa.

Kisha nikaugua homa kali iliyonilaza wiki mbili. Nilipokwisha kuisahau, niliona kwenye kucha ya dole gumba mfereji mwembamba uliokata kutoka upande mmoja hadi wa pili, kana kwamba mtu amebonyeza pale kwa ukingo wa sarafu. Daktari wa Ufaransa, Joseph Honoré Simon Beau, alieleza alama za namna hiyo mwaka 1846, na mpaka leo madaktari huziita kwa jina lake. Mwili unapopambana na ugonjwa mzito, shina la kucha lililojificha chini ya ngozi hupunguza kazi au huisimamisha kwa muda, na kucha inayotengenezwa siku hizo huwa nyembamba. Afya ikirudi, kucha nene huendelea kutoka, na ile sehemu nyembamba husukumwa mbele. Kwa kuwa kucha za mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, mtu mwenye rula anaweza kupima mfereji umefika wapi na kukadiria ugonjwa ulipita lini.

Nikakaa na kalamu, nisijue niuandike wapi mfereji huo. Ni jambo la mwili, lakini pia ni maandishi, tena yenye tarehe. Hapo ndipo nilipoanza kulisoma daftari upya.

Nusu ya pili ya methali

Tunasema udongo uwahi ungali maji. Methali hiyo huwaelekea wazazi na walimu, na nguvu yake iko kwenye haraka: mfinyanze mtoto kabla hajawa mgumu. Mfinyanzi, hata hivyo, anajua pia nusu ya pili ambayo methali imeiacha. Udongo ulio maji hupokea kila alama na hautunzi hata moja. Ukiugusa leo na kuugusa tena kesho, kidole cha kesho kinafuta cha leo. Udongo uliochomwa, kwa upande wake, hutunza alama zote ulizokutwa nazo na haupokei nyingine.

Kumbukumbu inahitaji hali zote mbili, na inazihitaji kwa mpangilio. Lazima kitu kiwe laini wakati wa kuandikwa, kisha kiwe kigumu wakati wa kutunza. Kikiwa kigumu tangu mwanzo, hakuna kitakachoingia. Kikibaki laini siku zote, hakuna kitakachobaki. Kwa hiyo kila jambo la daftarini nililiuliza maswali mawili: kilikuwa laini lini, na kilikauka lini? Majibu ndiyo haya.

Damu, jino na jicho

Tuanze na kinachokauka kwa muda mfupi. Mgonjwa wa kisukari anayejua kwamba kesho ana kliniki anaweza kujinyima leo: haonji soda, wali anaupita kando, jioni anatembea kwa miguu. Asubuhi akitobolewa kidole, kipimo kitamsifu. Daktari akiagiza kile kipimo ambacho wengi hukiita cha miezi 3, ujanja wa jana haufui dafu.

Sababu imo katika umbile la seli nyekundu ya damu. Seli hii inapokomaa hukitupa nje kiini chake, ikabaki mfuko uliojaa himoglobini ya kubebea oksijeni. Bila kiini, haiwezi kujitengenezea protini mpya. Sukari iliyo kwenye damu hujibandika polepole kwenye himoglobini, na ikishashika imara haibanduki tena mpaka seli ife. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo anayepima ni asilimia ngapi ya himoglobini imeshikwa na sukari anasoma wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na mlo wa jana unakuwa mstari mmoja tu katika kurasa nyingi. Seli ikizeeka huvunjwa kwenye wengu na ini, na habari zake zinaondoka nayo. Damu ni daftari la miezi mitatu.

Jino hukauka moja kwa moja. Enameli, ule utando mweupe wa nje ambao ndio kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hujengwa na seli maalumu kabla jino halijatokeza kwenye ufizi. Seli hizo huweka tabaka jembamba siku baada ya siku, na kazi ikiisha hupotea. Hakuna fundi anayebaki kwa ajili ya matengenezo. Ndiyo maana ngozi iliyochanika hujifunga yenyewe, lakini jino lililotoboka husubiri daktari.

Ukilikata jino la utotoni likawa jembamba kuliko karatasi, ukalitazama kwa hadubini, utaona mistari ya ukuaji imepangana, na katikati yake mmoja ulio mzito kuliko mingine. Huo ni mstari wa kuzaliwa. Meno ya utotoni huanza kujengwa mtoto akiwa bado tumboni, na ule msukosuko wa kuja duniani, pamoja na mabadiliko ya lishe na hewa, huvuruga kazi ya seli kwa muda. Kilichojengwa upande mmoja wa mstari ni cha tumboni, na cha upande wa pili ni cha duniani. Mtoto hung'oka jino hilo, akalitupa juu ya paa, bila kujua kwamba ametupa cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa.

Meno ya watu waliozaliwa tangu katikati ya karne iliyopita yana hata mwaka. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mabomu ya nyuklia yaliyolipuliwa angani kwa majaribio yaliongeza kaboni-14 hewani mpaka ikakaribia maradufu. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti walikubaliana kuacha majaribio ya angani, na tangu hapo kiasi hicho kimekuwa kikishuka mwaka hadi mwaka, kwa kuwa kaboni hiyo inamezwa na bahari na mimea. Mmea huvuta hewa, ng'ombe hula mmea, mtoto hunywa maziwa, na jino hujengwa kwa kilicholiwa. Mwaka 2005 Kirsty Spalding, Jonas Frisén na wenzao nchini Sweden walionyesha kwamba kaboni iliyo ndani ya enameli inaweza kutaja mwaka wa kuzaliwa wa mtu kwa kukosea, kwa wastani, mwaka mmoja na nusu hivi. Bomu lililolipuliwa mbali na nyumbani kwake liliandikwa kinywani mwake.

Kisha jicho. Lenzi hukua kama kitunguu, tabaka jipya likifunika la zamani, na kiini chake kilichoundwa kabla ya kuzaliwa hakibadilishwi tena. Jambo hilo liliwasaidia watafiti wa papa wa Greenland, samaki wa maji baridi sana ambaye umri wake ulikuwa fumbo. Samaki wengi wana vijiwe vidogo ndani ya masikio, na vijiwe hivyo huongezeka pete kila mwaka. Papa huyu hana pete za kuhesabu, na uti wake ni laini mno. Mwaka 2016 Julius Nielsen wa Denmark na wenzake walitangaza matokeo ya kupima kaboni katika viini vya lenzi za papa 28. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mwenye urefu wa mita 5.02, walimkadiria miaka 392, na kadirio lenyewe likaachiwa nafasi ya miaka 120 juu au chini. Hata tukichukua hesabu ya chini kabisa, papa huyo alikuwa baharini kabla Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, hajazaliwa.

Sasa turudi kwenye sentensi iliyokatwa. Utando wa ndani wa utumbo hubadilika kwa siku chache, ngozi ya juu kwa mwezi au zaidi kidogo, seli nyekundu kwa miezi minne. Mifupa huvunjwa na kujengwa tena polepole kwa miaka mingi. Lakini kiini cha lenzi unayoisomea makala haya kilikuwepo kabla hujapewa jina. Mwili haupakwi chokaa mpya nyumba nzima kwa siku moja. Una vyumba vinavyofagiliwa kila asubuhi na vyumba vilivyofungwa tangu nyumba ilipojengwa. Vinavyofagiliwa ndivyo vinavyotuweka hai, na vilivyofungwa ndivyo vyenye habari zetu.

Jiwe moja, waandishi wawili

Katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi kuna matumbawe makubwa ya mviringo, ya jamii ambayo wanasayansi huiita Porites. Anayeyatazama kwa juu huona jiwe. Kwa hakika ni mtaa wa wanyama wadogo sana, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa. Kila wanapokua hupanda juu na kukiacha chini kikombe cha zamani. Utando ulio hai ni ule wa juu tu, na chini yake ni nyumba zilizohamwa, zimerundikana moja juu ya nyingine. Jiwe huongezeka karibu sentimita 1 kwa mwaka, na ukilipiga picha ya eksirei linaonyesha mistari ya weupe na weusi inayofuata majira.

Wanasayansi hulitoboa kwa bomba refu na kutoa kipande cha ndani, kama mchuuzi wa nafaka anavyolichoma gunia kwa bambo aone mchele wa katikati. Tundu huzibwa, na matumbawe huendelea kuishi. Mwaka 2000 Julia Cole, Tim McClanahan, Nyawira Muthiga na wenzao walichapisha usomaji wa kipande kimoja cha Malindi kilichobeba miaka 194 ya joto la bahari. Aina za oksijeni zinazoingia kwenye chokaa hubadilika kadiri maji yanavyopata joto au baridi, hivyo kila tabaka ni kipimajoto kilichosimama kwenye siku zake. Ndani yake walikuta nyayo za El Niño, yaani mabadiliko ya Bahari ya Pasifiki yaliyofika mpaka pwani ya Kenya.

Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walisoma matumbawe ya Malindi yenye miaka 300 na kutafuta kitu kingine: bariamu, madini yanayofika baharini yakiwa yameshikamana na udongo wa mtoni. Mto unaoleta udongo huo ni Sabaki, ambao juu huitwa Galana na juu zaidi Athi. Kuanzia 1700 mpaka karibu 1900 bariamu ilikuwa karibu kiwango kilekile. Karne ya 20 ilipoingia ikaanza kupanda. Hicho ndicho kipindi ambacho ardhi ya bara, chini ya utawala wa kikoloni, ilianza kufunguliwa na kulimwa kwa namna mpya. Jembe lililogusa mlima huko juu liliandikwa chini ya bahari, na mwandishi alikuwa mnyama asiye na macho.

Sasa vuka maji mpaka kusini mwa Unguja, Kizimkazi. Ndani ya msikiti wa hapo, kwenye ukuta wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladia. Msikiti wenyewe ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yalibaki. Waashi wa pwani waliipenda Porites kwa kazi ya nakshi kwa sababu moja ambayo mfinyanzi angeitambua mara moja: ikitolewa baharini ikiwa bado mbichi, hukatika na kuchongeka kwa urahisi. Ikikauka hewani, huwa ngumu. Fundi alikuwa na muda wake, kama mwenye udongo ulio maji, na ukimpita hakuupata tena.

Kwa hiyo jiwe la aina moja liliandikwa mara mbili katika pwani moja. Mara ya kwanza liliandikwa na bahari, tabaka kwa tabaka, likiwa bado majini. Mara ya pili liliandikwa na mtu, baada ya kutolewa. Karatasi haikuwa na bahati hiyo katika unyevu wetu na mchwa wetu. Barua za Kiswahili za zamani zaidi tunazozijua ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, na zimebaki kwa sababu zilivuka bahari zikahifadhiwa Goa, nchini India.

Moto unapoandika na unapofuta

Kukauka kwaweza kuja kwa ajali. Huko Pylos, kusini mwa Ugiriki, makarani wa jumba la mfalme waliandika hesabu zao kwenye vigae vya udongo mbichi: mafuta, sufu ya kondoo, magurudumu ya magari ya farasi. Hawakuvichoma. Zilikuwa hesabu za mwaka uliokuwa ukiendelea, na udongo ulioanikwa tu huweza kulowekwa ukatumika tena. Karibu mwaka 1200 kabla ya Kristo jumba liliungua. Moto ulioteketeza mbao, nguo na mafuta yaliyohesabiwa ulizichoma pia zile hesabu, zikawa ngumu kama chungu. Michael Ventris alipoyafumbua maandishi hayo mwaka 1952, alikuta Kigiriki cha kale kuliko chote kilichokuwa kimesomwa. Tunazijua mali za watu hao kwa sababu ya siku waliyozipoteza.

Moto huohuo kwa kumbukumbu za aina nyingine ni msiba. Kwa karne nyingi Hazina ya Uingereza iliandika kodi na madeni kwa kukata alama kwenye vijiti vya mti. Kijiti kilichanwa katikati, nusu akakaa nayo mdai na nusu mdaiwa. Mikato ya nusu mbili ilipaswa kulingana, na kwa kuwa mti hukatika kwa kufuata nyuzi zake, hakuna aliyeweza kughushi nusu ya mwenzake. Mfumo ulikufa rasmi mwaka 1826. Mnamo tarehe 16 Oktoba 1834 iliamuliwa vijiti vilivyobaki vichomwe katika matanuri yaliyokuwa chini ya majengo ya Bunge, London. Vilikuwa vimekauka vizuri mno. Moto ulizidi nguvu, na kabla ya alfajiri sehemu kubwa ya jengo la Bunge ilikuwa imeteketea.

Nchini Marekani sensa ya mwaka 1890 ndiyo ya kwanza kuhesabiwa kwa mashine. Herman Hollerith alibuni kadi za matundu: tundu mahali fulani lilisema mwanamume, mahali pengine lilisema amezaliwa nje ya nchi, na sindano za mashine zikapita palipotobolewa na kukamilisha njia ya umeme. Watu karibu milioni 63 walihesabiwa kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana kabla. Lakini fomu zenye majina ya watu hao ziliungua au kuharibika kwa sehemu kubwa katika moto wa mwezi Januari 1921 jijini Washington, na masalia yake yakaja kuharibiwa katika miaka ya 1930. Jumla ilibaki, majina yakapotea. Wamarekani wanaotafuta mababu zao hukutana na shimo hilo mpaka leo.

Ukilinganisha visa hivi vitatu utaona kwamba moto haukubadilika. Kilichotofautiana ni hali ya kitu ulichokikuta. Udongo ulikuwa bado una hatua moja ya kukauka, na moto ukaikamilisha. Mti na karatasi vilikuwa vimekwisha kufika mwisho wa ukavu wao, na baada ya hapo hakuna isipokuwa majivu.

Kijimeno cha kaseti

Aliyekuwa na redio kaseti anaijua kanuni hii kwa vidole. Nyuma ya kila kaseti palikuwa na vijimeno viwili vya plastiki. Ukiwa umerekodi taarabu uliyoipenda, ulivunja kijimeno, na kuanzia hapo kitufe cha kurekodia kilikataa kubonyea. Ukibadili mawazo, uliziba tundu kwa karatasi iliyokunjwa au selotepu, ukarekodi juu yake. Kijimeno kile kilikuwa kufuli kati ya ulaini na ukavu. Utepe wenyewe ulibaki laini siku zote: chembe za chuma zilizopangwa kwa sumaku, tayari kupangwa upya na sumaku nyingine. Watengenezaji walijua kwamba ulaini wa kudumu ni hatari, wakaukausha kwa kipande kidogo cha plastiki.

Mikanda mikubwa ya vituo vya anga haikuwa na ulinzi wa namna hiyo. Binadamu alipotua mwezini Julai 1969, picha za moja kwa moja zilizopokelewa kutoka huko zilirekodiwa kwenye mikanda ya data, zikiwa safi kuliko zile zilizorushwa kwenye televisheni. Miaka ilipita, mikanda ya kurekodia ikaadimika, na ya zamani ikafutwa ili itumike tena. Mwaka 2009 NASA ilitangaza kwamba uchunguzi wake umefikia hitimisho hilo hata kwa mikanda ya Apollo 11. Nakala za televisheni zipo, lakini mikanda ile ya asili haikuonekana. Chombo kilikuwa kizuri mno kwa kuandika, na huo ndio uliokuwa ubaya wake.

Na kama vile maumbile yanapenda mzaha, mikanda mingi ya miaka ya 1970 na 1980 iliyonusurika kufutwa iliharibika kwa kurudi kuwa laini. Gundi inayoshika chembe za sumaku hunyonya unyevu, utepe ukanata na kuganda kwenye mashine. Mafundi huitibu kwa kuioka kwa saa nyingi katika joto la nyuzi 50 na kidogo za Selsiasi. Baada ya hapo husikika kwa muda mfupi, wa kutosha kuihamishia sauti kwingine. Ni tanuri la Pylos lililopunguzwa moto.

Ukavu bila msomaji

Hapa kanuni yangu inafika mpaka wake, na itakuwa si haki kuupita kimya. Kitu chaweza kuandikwa kikiwa laini, kikakauka barabara, na bado kisiseme neno.

Mwaka 1857 Édouard-Léon Scott de Martinville wa Paris alisajili chombo kilichopokea sauti kwenye utando unaotetemeka, na unywele mgumu ulioshikizwa hapo ukachora mitetemo kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Mwaka 1860 alirekodi hivyo wimbo wa watu wa Ufaransa. Hakukusudia kuusikia tena. Alitaka sauti ionekane kwa macho, kama maandishi. Thomas Edison alikuja na mashine yake ya kurekodi na kusikiliza mwaka 1877, wakati michoro ya Scott ilikuwa imelala makabatini. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliipiga picha na kuigeuza kuwa sauti kwa kompyuta. Mwanzo walisikia kitu kama sauti ya msichana. Baadaye wakatambua wameicheza kwa kasi maradufu. Ilipopunguzwa, alikuwa mwanamume anayeimba polepole, na inaaminika ni Scott mwenyewe. Masizi yalikuwa yametunza kila mtetemo kwa miaka 148. Kilichokosekana ni sikio.

Mfano wa zamani zaidi unatoka karibu nasi. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua huko Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mashariki ya Kongo, mfupa mdogo wenye kipande cha jiwe la kwatsi kwenye ncha na mikato iliyopangwa safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na leo unahifadhiwa Brussels. Safu moja ina mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19. Wapo waliosema ni hesabu za kitaalamu, waliosema ni kalenda ya mwezi, na waliosema mikato ni ya kuzuia mkono usiteleze. Mfupa hauwezi kuamua ugomvi huo. Aliyeukata alijua maana yake, na maana hiyo ilikuwa kichwani mwake, mahali pasipokauka.

Waluba wa Katanga walilijua tatizo hili na wakalijibu kwa njia yao. Walikuwa na ubao wa mkononi uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga, kauri na nakshi, wenye habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Ubao haukusomwa na kila mtu. Kulikuwa na watu waliofundishwa, wa chama cha Mbudye, ambao walipitisha kidole juu ya shanga huku wakisimulia, na usimulizi wa leo uliweza kusisitiza jambo ambalo wa jana haukulisisitiza. Nilipoiandika lukasa daftarini mara ya kwanza, niliiona ni chombo chenye kasoro, kwa kuwa hakikufunga maneno. Sasa naiona kwa jicho jingine. Sehemu moja ilikaushwa, yaani shanga mahali pake, na sehemu moja ikaachwa maji kwa makusudi, yaani mtu. Chama kilikuwepo ili mtu huyo asikosekane.

Kwa hiyo swali la tatu likaongezeka daftarini. Baada ya kuuliza kitu kilikuwa laini lini na kilikauka lini, nauliza: nani aliyebaki anajua kukisoma? Maswali haya matatu ndiyo ninayoyatumia kuchuja kila jambo la ajabu linalonifikia. Anayeniambia mwili wote huwa mpya kwa miaka 7 hawezi kuvuka swali la pili. Anayeniambia mfupa wa Ishango ni kitabu cha hisabati anasitasita kwenye la tatu.

Kuhusu ule mfereji wa kucha, niliufuatilia kila Jumapili kwa rula. Ulisogea kwa mwendo ule uliotajwa vitabuni, milimita 3 kwa mwezi, zikipungua au kuzidi kidogo. Mwezi wa sita ulifika ncha ya kidole. Nilikata kucha kwa wembe, kipande kikaruka kikaangukia mchangani karibu na mlango, na dole gumba likawa laini kama la mtu ambaye hajawahi kuugua. Nikarudi ndani kuandika tarehe kabla sijaisahau.